Mungu si Athumani

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mitaani na vijijini husikika vifijo na vigelegele. Aliyepata A huambiwa, "Mungu amekukumbuka." Ibada ya shukrani huandaliwa, mbuzi huchinjwa na jamaa wote hualikwa. Sipingi hata kidogo, kwani shukrani ni wajibu (na nyama nayo si haba!). Lakini yule jirani aliyepata D+ tumwambie nini? Ati Mungu amemsahau? Swali hili liliwahi kuulizwa katika maombi yetu ya jioni na hakuna aliyelijibu. Nimeonelea nilieleze hapa kwa uwezo wangu mdogo, maana sote tutaukalia mtihani huo na hakuna ajuaye ataangukia upande gani.

Wahenga walinena kuwa Mungu si Athumani. Nionavyo mimi, walimaanisha kuwa Mola hana tabia zetu binadamu: hapendelei, haweki kinyongo, wala hachoki upesi. Na lugha yetu inatusaidia hapa. Neno toba lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kurejea. Anayetubu ni mtu aliyegeuka njiani akaanza kurudi nyumbani. Ndugu zetu Waislamu wanalijua hili vyema. Sasa, safari ya kurudi yaweza kuwa fupi au ndefu mno.

Hebu tumtazame John Newton, yule aliyetunga wimbo uitwao "Amazing Grace". Kisa chake nimekisikia kikisimuliwa hivi: nahodha wa meli ya watumwa alikumbwa na tufani, akamlilia Mungu, akaigeuza meli papo hapo, akawaachilia watumwa, kisha akaketi kuandika wimbo. Ni kisa kitamu, lakini mambo hayakuwa hivyo. Na ukweli wenyewe una faida zaidi kwetu.

Newton alizaliwa London mwaka wa 1725, na mama yake akafariki yeye akiwa na miaka sita tu. Ujanani alikuwa mtukutu kupindukia. Alitoroka jeshi la wanamaji, akakamatwa na kuchapwa viboko. Tufani ilimkuta mwezi wa Machi 1748 ndani ya meli iitwayo Greyhound, ambayo wala haikuwa imebeba watumwa. Aliomba, akanusurika, na siku hiyo hakuisahau maishani.

Lakini tazameni alichofanya baadaye. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa, safari tatu nzima. Siku ya Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika sala, na chini ya sitaha Waafrika wamefungwa minyororo. Safari moja ilipomalizika bila mtu yeyote kufa, alitoa shukrani makanisani mjini Liverpool, na watu wa mji wakalisifu jambo hilo. Ibada ya shukrani, jameni, kwa biashara ya kuuza watu!

Hapo ndipo mimi husimama nikafikiri. Kama mafanikio ni dalili kwamba Mungu ameridhika nasi, basi Newton alikuwa na dalili tele. Kumbe alikuwa mbali kabisa na nyumbani! Tena kilichomtoa baharini hakikuwa dhamiri, bali ni ugonjwa uliomwangusha ghafla mwaka wa 1754, madaktari wakamshauri asisafiri. Kazi ikakatika akiwa na miaka 29. Mwenye kumwona siku hiyo angesema huyu Mungu amemwacha.

Mwaka wa 1764 akawa kasisi katika mji mdogo wa Olney. Wimbo wake ulitumika katika ibada ya Mwaka Mpya wa 1773, na hata wakati huo alikuwa bado hajajitokeza hadharani kuilaani biashara ile. Ilikuwa 1788 ndipo alipochapisha kijitabu kueleza waziwazi aliyoyaona na aliyoyatenda, akikiri kwamba ungamo lake limechelewa. Hesabuni wenyewe: miaka 34 tangu aiache bahari!

Je, Mungu alimsamehe lini? Mimi naamini alimpokea siku ile ya tufani, na uchafu wake wote, kisha akamvumilia miaka hiyo yote. Na msamaha huo ndio uliompa nguvu ya kusema ukweli mwishowe. Mwanafunzi anayejua kwamba baba atamfukuza nyumbani huificha ripoti yake chini ya godoro. Anayejua kwamba atakemewa lakini chakula cha jioni kitakuwepo, huileta mezani mwenyewe.

Petro na Yuda walikosa usiku mmoja. Yuda alijuta, hata akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, lakini hakuamini kuwa kuna mlango wa kurudia. Petro naye alilia sana, ila hakuwakimbia wenzake, na huko ndiko Bwana wake alikomkuta. Kwa hivyo yule jirani wa D+ mimi ningemwambia kwamba karatasi ile ni habari ya mtihani, si habari ya jinsi Mungu anavyomwona. Na yule wa A ningemwambia maneno hayo hayo, ingawa najua yeye itakuwa kazi kunisikiliza, hasa siku ya mbuzi.

Kuna jambo moja linalonisumbua, wala sitalificha. Wale waliokuwa chini ya sitaha, ni nani aliyewaomba radhi? Newton hakuwa na njia ya kuwapata. Wapo wasemao kuwa Mungu akishakusamehe basi yamekwisha. Mimi sikubaliani nao, na sioni kama Newton aliishi hivyo. Alipofuatwa mwaka wa 1785 na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyetaka kuacha siasa, alimshauri abaki Bungeni. Baadaye yeye mwenyewe alitoa ushahidi mbele ya wabunge kuhusu biashara ile. Sheria ya Uingereza ya kuipiga marufuku ilipitishwa Machi 1807. Newton, macho yakiwa yamefifia, alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.