Alieni Wakiingia, Wasee Wahepee Wapi?

Mabazenga wa gemu kule Marekani walikaa chini wakajiuliza: alieni wakivamia dunia mwaka wa 2552, watashukia wapi? Si New York, si Tokyo. Mombasa! Kwa Halo 2, ya 2004, meli ya Covenant, hao alieni wenyewe, inaning'inia juu ya New Mombasa, mji uliojengwa lifti ya kupanda hadi space. Halo 3 ikadondoka 2007, vita ikasonga hadi Voi. Kuna misheni inaitwa Tsavo Highway, na Kili unaiona imetulia kule nyuma.

Huku Rugerero, wilaya ya Rubavu, Rwanda, ukitaja Halo watu wanakuangalia tu. Base zinaendeshwa na PlayStation, na kwa skrini ni mpira, mpira, mpira. Halo ilianza kwa Xbox 2001, na kwa miaka mingi ikabaki mali ya Xbox na kompyuta, so hiyo story ya Waswahili kupigwa na alieni ilipita Waswahili wengi kando. Noma sana.

Yenye inanibamba ni Halo 3: ODST, ya 2009. Hapa wewe si Master Chief, yule shujaa wa Halo mwenye deraya ya kutisha, we ni soja mpya tu, hadi jina hukupewa. Unadondoshwa kutoka juu, unazima, unaamka masaa sita baadaye. Usiku, mvua, saksafoni inalia, barabara hazina mtu. Vibao vinasema Kizingo, Kikowani, majina msee yeyote wa Mombasa anayajua. Meli ya alieni iliruka hadi space ya mbali ikiwa bado juu ya mji, na mshindo wake ukafagia mitaa. Ukizunguka unaokota rekodi za dem anaitwa Sadie. Anamsaka mbuyu wake, mkubwa wa polisi anamwandama, na kompyuta inayoendesha mji inamwonyesha njia kwa taa na vibao vya barabarani. Hapo ndio waliweza. Unasikia uvamizi kwa sikio la mtoi anayekimbia, hana bunduki.

Shida inakuja Halo 3. Wadudu wa Flood wanaanguka Voi, halafu ndio wasienee, wale alieni wa Elites waliogeuka kuwa marafiki wanachoma nusu ya bara. Nusu ya bara! Mkubwa wa jeshi analalamika kidogo, kisha misheni inayofuata. Laini ya watu wanaohepa iko wapi?

Hiyo laini Rubavu wanaijua. Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, anga ikawa nyekundu, na watu wa Goma, ng'ambo ile ya Congo, wakavuka mpaka usiku huo huo. Siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hadi nyumba za huku zikapasuka, na wenyeji nao wakaanza kuhama. Januari 2025, waasi wa M23 wakiingia Goma, mabomu yalivuka mpaka yakaua watu Rubavu, huku wengine wakivuka kutafuta usalama hapa hapa. Pale mpakani Petite Barrière, siku kama hizo ni godoro kichwani, mtoi mgongoni, jerikeni mkononi, na mfukoni franka za Congo za kubadilisha ndio upate hata chai.

Sasa nipe gemu ya mtaa unaopokea. Keja moja, watu tisa, jerikeni mbili. Nani analala kwa kiti? Auntie wa Goma anakaa hadi lini, na nani atamwambia? Hiyo ni ngumu kuliko kuangusha Scarab, lile dude kubwa la vita la alieni. Halafu sheria zigeuke katikati: Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukabeba nyumba, na Rugerero yenyewe ndiyo ikawa inatafuta pa kulala.

Wasee mnaoandika code, Kigali, Goma, Nairobi, hiyo misheni bado iko wazi, ichukueni. Na kama una kompyuta ya maana, ODST iko ndani ya The Master Chief Collection. Tafuta rekodi za Sadie kwanza.