Ulizeni na Upande wa Baba

Shangazi anapougua saratani ya matiti, binti wengi hujifariji kwamba hiyo ni ya ukoo wa baba, wao haiwahusu. Wanajidanganya. Baadhi ya saratani hizo hurithiwa kupitia jeni yenye hitilafu, kama ile ya BRCA1 iliyotambuliwa mwaka 1994. Baba huweza kuibeba asiugue kamwe, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Mwanamke aliyeirithi hangoji uvimbe. Wataalamu wengi humshauri apimwe matiti kila mwaka kwa mashine ya sumaku, MRI, tangu umri wa miaka 25 hivi, na kwa eksirei kuanzia miaka 30. Matiti ya kijana yana nyama nzito; katika eksirei nyama hiyo na uvimbe vyote huonekana vyeupe, uvimbe ukajificha.

MRI ni ghali, wala haipatikani kila hospitali; hilo tusifichane. Kuuliza hakuna malipo. Waulize bibi na shangazi zako nani aliugua, na akiwa na umri gani, kisha umweleze daktari. Ukijibiwa kwamba marehemu alirogwa, uliza tena: uvimbe ulianzia wapi?