Fahamu: Kijana wa Masisi au Walikale ajisomee sayansi ipi?
Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-Centre, mashariki mwa Kongo (DRC); Machi wakaingia mjini Walikale. Familia zilikimbia, masomo yakakatika. Mzazi anayetaka kijana wake ajisomee sayansi afuate programu ya taifa ya Kongo kwanza, si vitabu vya nchi jirani, hata viwe vizuri namna gani. Sababu ni Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: hufanywa kwa Kifaransa, na aliyejisomea naye hupokelewa, ila hupitia majaribio ya awali. Basi kijana azoee “vitesse” (kasi) na “accélération” (mchapuko) tangu mwanzo. Ili ayaelewe maneno hayo kwa vitendo, ateremshe mpira juu ya ubao ulioinamishwa, apime muda kwa simu, achore grafu. Huenda jirani nanyi wapo walimu waliokimbia vita; waombeni wasahihishe madaftari yake.