Utangulizi: Nasaba na Ardhi Chini ya Mlima Elgon

Historia ya familia haimfungii mtu mlango: anayelijua jina la babu wa babu yake tayari ameianza. Huku kwetu, kati ya Bungoma, Kitale na Endebess, familia inayotajwa upesi ni ya Wamalwa. William Wamalwa alikuwa mbunge. Mwanawe, Michael Kijana, alizaliwa 1944 upande wa Kimilili, akasomea sheria Cambridge, akaingia bungeni 1979, na Jaramogi Oginga Odinga alipofariki mwaka 1994 akamrithi katika uongozi wa chama cha Ford-Kenya. Januari 2003 akawa makamu wa rais wa Kenya. Agosti mwaka uo huo akafia London, akazikwa Kitale. Mdogo wake, Eugene, alishinda kiti cha ubunge cha Saboti 2007, akawa waziri wa sheria 2012.

Vyeo hivyo ni rahisi kuvipata, na wanafunzi wengi huishia hapo. Mimi huuliza kwanza habari za ardhi. Watu wa Kimilili walifikaje Trans-Nzoia, yaani upande wa Kitale na Endebess? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walowezi wa Kizungu waligawiwa mashamba hapa. Reli ikafika Kitale 1926. Uhuru ulipokaribia, mashamba yakaanza kuingia mikononi mwa Waafrika. Huko Endebess, Wasabaot waliochunga ng'ombe kabla ya mlowezi kuja, na vibarua waliopalilia mahindi yake, nao wana nasaba zao. Historia ya familia mashuhuri isiyowataja majirani hao naiona nusu.

Hati ni chache, kumbukumbu ni tele. Wabukusu, watu wa akina Wamalwa, hutahiri kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, na marika yao manane huzunguka kwa takriban karne nzima. Ukiambiwa mzee ni wa rika la Banyange, jua alitahiriwa kati ya 1948 na 1958.

Upande wa akina mama ndio unaopotea zaidi, maana nasaba zetu husimuliwa baba kwa mwana. Hata hivyo tohara yenyewe imeuhifadhi. Kabla ya kisu, mvulana huenda kwa mjomba wake; ng'ombe huchinjwa, naye huvishwa shingoni ukanda wa nyama uitwao luliki. Kwa hiyo ukikaa na mzee, muulize alivishwa luliki kwa nani. Atakutajia ukoo ambao hutaukuta kwenye hati yoyote ya shamba.