Cambridgeshire: Nchi ya Chuo na ya Mabwawa

Wengi wakisikia jina la Cambridge hufikiri habari za chuo kikuu tu. Lakini mji huo umo katika wilaya ya Cambridgeshire, mashariki ya Uingereza, nayo ina historia ya jembe na maji ambayo yampasa kila mkulima kuijua.

Chuo kilianza mwaka 1209, walipofika walimu na wanafunzi waliokimbia ugomvi na wenyeji wa Oxford. Mwaka 1284 Askofu wa Ely aliweka koleji ya kwanza, Peterhouse. Lakini wenyeji wa Cambridge nao hawakupatana siku zote na wageni hao; katika maasi ya mwaka 1381 hati za Chuo zilichomwa moto sokoni. Wanawake nao hawakupewa digrii kamili mpaka mwaka 1948.

Kaskazini ya mji ni nchi tambarare, ambayo zamani ilikuwa mabwawa, na Ely ilikuwa kisiwa. Watu waliishi kwa kuvua mikunga, kuwinda ndege wa majini na kukata matete. Katika miaka ya 1630 Earl wa Bedford na matajiri wenzake walimwajiri Cornelius Vermuyden, fundi Mholanzi, achimbe mifereji ya kuyakausha. Mashamba yenye rutuba yakapatikana. Lakini wenyeji walipotewa na riziki, na baadhi yao wakabomoa kingo za mifereji kwa hasira.

Hasara nyingine ilitokea polepole. Udongo ule mweusi ni mimea iliyooza. Ukikauka husinyaa, na upepo huupeperusha. Huko Holme, sehemu iliyounganishwa na wilaya hii mwaka 1974, nguzo ya chuma ilikitwa katika miaka ya 1850, kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo nguzo hiyo imetokeza juu kiasi cha futi 13.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Lakini huko mashamba mengi yamekuwa chini kuliko mito, na maji hayana budi kupandishwa. Kazi hiyo ilifanywa na vinu vya upepo, kisha injini za mvuke, na sasa pampu za dizeli na umeme. Zikinyamaza, mashamba yatageuka ziwa.

Kwa hiyo karibu na Holme baadhi ya mashamba yanarudishiwa maji, ili udongo uliosalia usipotee. Mfereji huchimbwa ukamalizika, bali kuutunza udongo ni kazi ya kila kizazi.