Printa Nzima, Ripoti Haitoki: Angalia Ruhusa
Msikilizaji, umefuata taarifa ya malipo yako chama cha msingi, karani anasema printa mbovu. Kabla ya kuita fundi, achapishe barua ya kawaida. Ikitoka, printa ni nzima. Kisha meneja aingie kwenye mfumo kwa jina lake, kompyuta ileile, achapishe ripoti yako. Ikitoka, mara nyingi tatizo ni ruhusa: karani anaruhusiwa kuingiza kilo, lakini haruhusiwi kusoma orodha ya malipo ambayo ripoti inaitegemea.

Msimamizi wa mfumo amwongezee karani ruhusa ya kusoma na kuchapisha tu. Meneja asimwachie nywila yake. Kilo zikichezewa, mfumo utaonyesha jina la meneja, na sisi wakulima ndio tutakaopunjwa.