Barafu Iliyoyeyuka Huacha Alama

Nyama iliyogandishwa, ikayeyushwa, kisha ikapangwa buchani kama iliyochinjwa jana haimdhuru mlaji kwa sababu hiyo pekee. Ubaya wake ni uongo: mnunuzi hulipa bei ya nyama mbichi, kisha huigandisha tena nyumbani bila kujua kwamba imekwisha kupita kwenye friza. Kwa macho, nyama iliyoyeyushwa kwa uangalifu ni vigumu kuitofautisha na ile isiyoonja barafu. Ndiyo maana watafiti wamegeukia kamera zinazoona kisichoonekana kwa jicho.

Takriban robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji. Maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na chembe za barafu hupasua utando wa seli za msuli. Nyama ikiyeyuka, maji hayarudi yote mahali pake. Sehemu yake huchuruzika kama yale majimaji mekundu tunayoyakuta kwenye sahani. Mabadiliko hayo hugeuza namna nyama inavyorudisha mwanga. Jicho huona mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, lakini kamera hizi hupima pia infraredi, ambako maji hufyonza mwanga, kwa mfano karibu na nanomita 970 na 1450. Kompyuta iliyofunzwa kwa sampuli za nyama isiyogandishwa na iliyoyeyushwa hulinganisha mwanga unaorudi na sampuli hizo, bila nyama kukatwa hata kidogo.

Wapo watakaosema kamera hukosea, kwa kuwa nyama iliyogandishwa haraka huwa na chembe ndogo za barafu na alama hafifu. Ni kweli, basi kamera iwe mchujo wa kwanza, na kipande chenye shaka kipelekwe maabara kupimwa kimeng'enya kinachokaa ndani ya mitokondria za seli na kuvuja barafu inapozipasua. Wengine watauliza: kama haidhuru, gharama ya nini? Baridi haiui bakteria wote. Wengi huwalaza tu, nao huamka nyama inapoyeyuka. Anayejua kwamba nyama yake imewahi kugandishwa huipika mapema. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, hutaka nyama kama hiyo iandikwe kuwa imeyeyushwa, lakini maandishi yasiyoweza kuhakikiwa hubaki kuwa neno la muuzaji tu. Sheria inayodai ukweli huhitaji chombo cha kuupima. Kabla chombo hicho hakijafika buchani kwako, uliza kama nyama imewahi kugandishwa. Ukijibiwa ndiyo, ipike siku hiyohiyo.